Kiti cha Bwana Mkubwa

Nilipokuwa Riyadh wanaume watatu walinitibu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari.

Nilipelekwa na wakala miaka ile ambayo kila ukuta wa Mombasa ulikuwa na tangazo la kazi za Saudia, na ofisi za mawakala zilikuwa na foleni za wanawake mpaka barabarani. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Sulimaniyah, ghorofani, juu ya maduka. Mlango wa nje ulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikaa kwenye mfuko wa kanzu ya mwenye nyumba. Alipotoka yeye, ufunguo ulitoka naye. Mwanzoni nililifanyia jambo hilo mzaha. Baadaye nikawa naamka asubuhi na sitaki kuamka. Naosha sahani moja mpaka mikono inakunjamana, nalia bila kujua kilio kimeanzia wapi. Siku moja madam akanikuta jikoni nazungumza na friji. Nilikuwa naiuliza kama inanisikia.

Hapo ndipo matibabu yalipoanza. Mwenye nyumba, kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kisheria, alisema ni uvivu. Alitamka kwa utulivu wa mtu aliyesomea jambo hilo, kisha akarudi kulala. Karani wa ofisi ya wakala kule Murabba, niliporudishwa kwake kama kiatu kilichobana, alisema nimeingiwa na shetani, maana sisi wanawake wa Afrika tunasafiri nao kama mizigo. Wa tatu alikuwa dereva aliyenipeleka huko, Mkenya mwenzangu kutoka bara. Alinitazama kwenye kioo cha gari, akatafuna ubani wake na kutoa ushauri bure.

"Wewe si mgonjwa, siz. Unahitaji mwanaume tu. Pata boyfriend hapa, hizi stress zote zinaisha. Trust me."

Bwana huyo alikuwa na gari, simu, na Ijumaa yake ya kwenda Batha kula ugali na wenzake. Hata hivyo njia nzima alilalamika jinsi nchi ile ilivyo na upweke. Upweke wake uliitwa maisha magumu, wangu uliitwa kukosa mume. Kati ya hao watatu hakuna aliyetaja ufunguo. Nilipoutaja mimi, karani aliniambia niende nikaoge na nisome aya kidogo.

Ofisi ikanihamishia Jeddah. Kulikuwa na familia moja Hindawiyah iliyotaka mwanamke wa pwani, Mwislamu, mtu mzima, anayejua Kiswahili na anayejua kunyamaza. Wazee wao walitoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne, na ndani ya nyumba ile bado walizungumza Kiswahili cha kwao, na kupika biriani na urojo, kana kwamba Forodhani iko chini ya ngazi. Niliposikia "karibu mwanangu" kutoka kwa bibi wa nyumba, mama wa mwenye nyumba, nilitokwa na machozi. Nilikuwa bado mjinga.

"Kazi yako ni kumtazama mke wangu," mwenye nyumba aliniambia siku ya kwanza. "Ana maradhi."

Nikamuuliza maradhi gani.

"Ya kike," akasema, na mkono ukafanya hivi, kama mtu anayefukuza nzi.

Nilimwita baba, maana kazi ile ilitaka hivyo, ingawa nilimzidi umri na ningeweza kabisa kumlea na kumchapa. Alikuwa mtu wa manukato mengi na fikra chache. Aliuza vipuri vya magari na aliamini kwamba kila kitu kilichoharibika kina kipande kinachotakiwa kubadilishwa. Upande wa mke, alikuwa akifikiria kubadilisha kitu kizima.

Mkewe alinikataza kumwita madam. "Niite dada," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyosema siku ile. Alilala akielekea ukutani, mtoto mchanga ubavuni. Polepole nikaijua habari yake. Kabla ya kuolewa aliishi kwa wazazi wake Riyadh na alifundisha watoto wadogo, kuimba na kuhesabu na kufunga viatu. Wiki ya harusi mume alimwambia kazi basi. Akazaa binti, akazaa binti mwingine, na alipozaa wa tatu mama mkwe alisema mbele ya wageni kwamba tumbo hilo limezoea kukosea. Watu wakacheka. Dada akacheka pamoja nao, kwa adabu, na tangu hapo kidogo kidogo akaacha kusema, akaacha kuchana nywele, akaacha kula mpaka alazimishwe. Binti mkubwa, wa darasa la tatu, ndiye aliyekuwa akimchana, akimpokelea simu na kuwaambia watu mama amelala.

Mume alikuwa na mpango wake. Mke apelekwe Unguja kwa jamaa "akapate hewa", peke yake. Watoto wabaki Jeddah kwa bibi yao. Hewa ikiwa inapatikana huko, hapa aolewe binti fulani wa ami yake ambaye, kwa namna ambayo hakuna aliyenieleza, alijulikana tayari kuwa atazaa mtoto wa kiume. Pasipoti zote zilikuwa kwenye mtoto wa meza yake. Ruhusa ya safari ilikuwa yake, ya kazi ilikuwa yake, na ya kumpeleka mke kwa daktari wa akili nayo ilikuwa yake, na hiyo aliikataa asije mtu akasema ameoa kichaa.

"Akinitenga na wanangu nitakufa," dada aliniambia siku moja nikimbadilishia shuka. "Sisemi kutisha mtu. Nakwambia ujue tu."

Mumewe pia alimwambia. Nilikuwepo. Baba aliporudi kutoka dukani alimkuta mkewe ameketi kitako, amejifunga kitambaa, amejipanga kama mtoto wa shule. Akayasema yote kwa sauti ya kawaida, bila kulia: asitengwe na wanawe, arudi kufundisha, anaumwa kwa kufungiwa. Baba alikuwa akitazama simu.

"Umeanza tena," alisema, akaniuliza mimi kuna nini cha kula.

Mama mkwe hakuwa mpumbavu, na namsema vibaya nikijua hivyo. Aliona mwanamke anazama na alijua kwamba mwanawe hatamwokoa kwa kuombwa. Basi akatumia dawa ya kwao. Alitangaza kwamba mkaza mwanawe ana mtu kichwani. Mara moja nyumba nzima ikawa na adabu. Huzuni ilikuwa ugonjwa wa kike, jambo la kupungia nzi. Pepo lilikuwa jambo la watu wazima.

Akaitwa fundi wa mapepo, mwanamke wa Kipemba aliyeishi Jeddah miaka mingi, ambaye majirani walimjua kwa kushona nguo za maharusi. Katika nchi ile shughuli kama hiyo inaweza kukutia ndani, kwa hiyo ilifanywa kimyakimya, Ijumaa baada ya alasiri. Tulifunga madirisha. Nililowesha taulo nikaziba chini ya mlango ili harufu ya udi isishuke ngazini. Ngoma haikuwepo. Fundi aligonga kwa vidole kitako cha sufuria ya wali, na sisi tukapiga makofi ya chini chini.

Asiyejua mambo hayo nimweleze. Pepo akimpanda mtu, yule mtu huitwa kiti chake. Pepo ndiye mgeni, ndiye anayeulizwa, ndiye anayejibu. Kiti hakiulizwi kitu. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kuliona la ajabu mpaka siku ile, nilipomwona mume akilitamka bila shida yoyote. Alikuwa amelifanyia mazoezi muda mrefu.

Dada alifunikwa kitambaa cheupe, chetezo mbele yake. Muda ulipita. Mabega yakaanza kutetemeka, halafu yakatulia, halafu mgongo ukanyooka. Sauti iliyotoka chini ya kile kitambaa ilitoa salamu. Ilikuwa nzito, ya mwanamume wa makamo, wa watu wanaosubiriwa.

Baba aliweka kofia sawa na kukunja miguu vizuri.

"Karibu, bwana mkubwa," alisema. Sijawahi kumsikia akimkaribisha mtu vizuri namna ile.

"Nani mwenzetu, na ana haja gani?" fundi aliuliza.

Alikuwa ruhani, pepo Mwislamu, mtu wa heshima. Haja zake za kwanza zilikuwa za kawaida: marashi ya waridi, udi mzuri, kanzu nyeupe. Baba aliitikia kila moja kama mhudumu wa hoteli. Ndipo sauti ikasema:

"Kiti changu hakisafiri. Na watoto hawatengwi na kiti changu."

"Hakisafiri, bwana mkubwa."

"Sipendi nyumba iliyofungwa. Kiti changu kitoke, kikafundishe watoto kama zamani."

Hapo baba alijaribu kujitetea. "Bwana mkubwa, dunia ya leo, mwanamke kutoka..."

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu, bwana mkubwa. Atatoka."

"Na habari ya mke wa pili nisiisikie."

"Hutaisikia."

Nilidhani yamekwisha. Lakini bwana yule, aliyekuwa akitoka jasho mpaka kola, hakuweza kujizuia. Akasogea mbele kidogo.

"Na mtoto wa kiume, bwana mkubwa?"

"Hiyo si kazi yangu," ikasema sauti.

Nilikwenda jikoni nikauma kitambaa cha vyombo nisisikike nikicheka.

Baadaye nilimwosha dada uso. Alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba magunia. Nikamuuliza taratibu, yale maneno yalikuwa ya nani.

"Maneno yangu," alisema. "Nimeyasema mwaka mzima. Sauti ndiyo siijui."

Hakutabasamu. Nilimwamini na ninamwamini mpaka leo. Wapo watakaosema alikuwa akiigiza, na wengine watasema ruhani ni ruhani. Wabishane wao. Mimi nilichokiona ni mwanamume aliyesikia jambo lilelile mara mbili na akalielewa pale tu alipodhani limesemwa na mwanamume mwenzake.

Safari ikafutwa. Ruhusa ya kazi akaitia saini kesho yake. Dada akaanza kufundisha chekechea karibu na nyumbani, na nikamwona akirudi mchana na rangi ya chaki kwenye baibui, ana njaa, anaimba nyimbo za kufunga viatu. Akala. Akanenepa mashavu. Usiku akalala, nami nikalala, maana upweke wangu wa Riyadh nao ulikuwa ukipungua kwa kuwa na mtu wa kuzungumza naye asiye friji.

Baba naye akanawiri. Mke mwenye huzuni alikuwa aibu yake, lakini mke mwenye ruhani alikuwa cheo. Akiwa na wenzake barazani alidokeza, kwa sauti ya chini na macho ya kujifanya mnyenyekevu, kwamba nyumba yake imechaguliwa. Nilipopeleka kahawa niliwasikia wakimpa pole iliyojaa wivu. Walikuwa wanaume wazima, wenye maduka na madevu, wakimwonea wivu mwanamume ambaye alikuwa amepigwa marufuku na mkewe mwenyewe na hakujua.

Tatizo likawa moja. Dada alipona, na kadiri alivyopona alikuwa akisema kwa sauti yake. Akiomba kwenda Riyadh kuwaona wazazi, baba aliuliza, "Hilo amelisema bwana mkubwa?" Akisema binti wa kati ana homa apelekwe hospitali, "Bwana mkubwa amesema?" Kama bwana mkubwa hakusema, basi hakuna aliyesema. Binti mkubwa alikuwa akikaa pembeni na madaftari yake, anasikiliza, penseli mdomoni.

Ikaja Ramadhani. Watu wetu wanaamini kwamba mwezi huo pepo hufungwa, na hata wale wema huwa wamekwenda kwenye ibada zao. Fundi hupumzika. Baba alilijua hilo kama mfanyabiashara anavyojua siku ya mapumziko ya forodha. Kumi la kwanza halijaisha, tukiwa tumeketi kufuturu, akasema bila kuinua macho kwamba amekata tiketi. Mke ataondoka siku ya tatu ya Idi. Watoto watabaki.

Dada alikuwa amesimama na bakuli la uji.

"Siendi bila wanangu," akasema.

Alisema vizuri, kwa sauti yake, sauti ya mwalimu anayejua kwamba watoto wa nyuma pia wanamsikia. Baba alishtuka. Akamgeukia mama yake.

"Ni yeye, au ni bwana mkubwa?"

"Ramadhani hii," akasema bibi, "nani mwingine?"

"Alhamdulillahi," akasema baba, akajiongezea sambusa.

Mwezi ule wote tulisubiri Idi, kila mtu kwa sababu yake. Mama mkwe hakumpenda yule binti wa ami, na alimpa fundi miadi mapema. Siku ya pili ya Idi madirisha yakafungwa, taulo zikaloweshwa, kitambaa cheupe kikatoka kabatini. Baba alikuja akiwa na wasiwasi, amejipaka mafuta mazito, kofia mpya. Sanduku la mkewe lilikuwa limeteremshwa tayari, liko ukumbini.

Fundi akagonga sufuria. Udi ukafuka mpaka macho yakauma. Tukapiga makofi, tukapumzika, tukapiga tena. Chini ya kile kitambaa mabega yalikuwa yametulia. Fundi akamwita mgeni kwa kila jina la heshima alilokuwa nalo. Hakuitika mtu. Baba aliacha kukunja miguu, akanyoosha mmoja, kisha mwingine.

Ndipo nikamsikia dada akicheka chini ya kitambaa. Kilikuwa kicheko cha mtu mzima wa afya, na kilinitisha kuliko kilio. Akajifunua mwenyewe.

"Hakuna mtu," alisema. Alikuwa akinitazama mimi. "Nimepona."

Na ilikuwa kweli. Ile miezi ya jua na watoto na chaki ilikuwa imemponya, na sasa hakuwa na ugonjwa wa kumwokoa.

"Basi, halas," baba akasema, akasimama, akajikung'uta kanzu. Uso wake wote ulifunguka. Ningempiga na ile sufuria, na mpaka leo najuta kwamba niliishika na sikumpiga. "Kesho asubuhi awe tayari."

"Kaa chini."

Ilitoka mlangoni. Ilikuwa sauti nzito, iliyokwaruza kidogo, sauti tuliyoijua. Binti mkubwa alikuwa amesimama hapo na gauni lake la Idi, miguu peku, mikono imebana ubavuni. Macho yake hayakuwa kwa yeyote.

Baba akakaa chini. Mwanamume mwenye mabega, mwenye duka, mwenye pasipoti za watu watano, aliketi chini mbele ya mtoto wa darasa la tatu na kuweka kofia sawa.

"Karibu, bwana mkubwa."

"Mama haendi," ikasema sauti.

Hakusema kiti changu. Alisema mama. Mtu yeyote mwenye masikio angejua papo hapo ni nani anayezungumza, lakini baba hakuwa amewahi kumsikiliza binti yake, angemjuaje?

"Haendi, bwana mkubwa," alisema haraka. "Haendi. Ilikuwa fikra tu."

Fundi alishusha pumzi, amefurahi. "Amehama," akasema. "Amechagua kiti kipya." Mama mkwe alikuwa tayari amekiokota kile kitambaa cheupe sakafuni, na kabla dada hajainuka, akamfunika nacho mjukuu wake kichwani, kwa heshima zote, na baba akauliza kama bwana mkubwa angependa marashi yaleyale.

Walipotoka ukumbini, wakinong'ona jinsi nyumba ile ilivyobarikiwa, dada alimvua mwanawe kitambaa na kukitupa. Akapiga magoti, akamshika mashavu. Mtoto alikuwa akitoka jasho la baridi.

"Imekwisha, mwanangu," akamwambia. "Baba yako amekubali. Siendi popote. Sasa sema na mimi kwa sauti yako."

Mtoto akamtazama mama yake muda mrefu, kisha akautazama mlango aliotokea baba yake.

"Mama haendi," akasema, kwa sauti ya bwana mkubwa.